Picha Thelathini na Sita

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 2009. Picha yake ya kwanza ambayo mtu anaweza kuishika mkononi ni ya mwaka 2016, saizi ya pasipoti, alipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza. Kabla ya hapo hana uso. Tuligundua hilo mwaka jana tu, mwalimu wao alipowataka waende darasani na picha ya utotoni ili kila mmoja aielezee. Mama alishusha albamu kutoka juu ya kabati, akaipangusa kwa pindo la khanga, tukaipekua mara mbili pale sebuleni, kisha tukaanza kuulizana kwa sauti za chini kama watu waliopoteza hela ya mchango.

Albamu ina picha 41. Ya kwanza ni ya 1985, mama na wenzake wa darasa la saba. Ya mwisho ni ya 2007, harusi ya shangazi. Mimi nimo mara tisa. Mdogo wangu hayumo kabisa, ingawa alizaliwa wakati ambapo karibu kila nyumba ya mtaa wetu hapa Segerea ilikuwa imeanza kuwa na kitu chenye kamera. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuuliza kwa nini kumbukumbu hii ipo na ile haipo. Sikutegemea swali hilo linikute nyumbani, nimekaa mkekani.

Nilikuwa tayari natafuta kamera. Utafiti wangu unahusu namna mashamba ya mikorosho na mihogo ya upande wetu huu, Segerea na Kinyerezi, yalivyokatwa viwanja, na wazee ninaowahoji wanatunza karatasi ambazo hazipo ofisi yoyote: hati za mauziano zilizoandikwa kwa mkono, zenye sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi na dole gumba la muuzaji. Nahitaji kuzipiga picha karatasi hizo, na kuwapiga picha wenyewe wakikubali. Simu ninayo. Nikiri mapema kwamba simu yangu ya kawaida inatoa picha kali kuliko kamera nyingi ndogo ninazoweza kumudu. Lakini mzee mmoja, nilipoinua simu juu ya hati yake, aliifunika kwa kiganja.

"Binti, hiyo ikishapiga, inapeleka wapi?"

Nilimjibu kwamba inabaki humuhumu. Haikuwa kweli. Simu yangu inapakia kila picha mtandaoni yenyewe, pamoja na mahali na saa ilipopigwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mzee yule sidhani kama ameisoma, ila aliuliza swali lake kuu kwa maneno matano. Nilirudi nyumbani na aibu, na na uamuzi: laki mbili nilizoweka akiba zitanunua kamera ndogo ya kidijitali, isiyounganishwa na chochote.

Kabla ya kwenda Kariakoo nilifanya kile ambacho mtu wa historia hufanya anapoogopa kutumia pesa yake. Nilisoma.

Nikiwa chumbani kwangu, usiku, kwa bando la bei ndogo, naweza kufungua picha ya askari aliyesimama Dar es Salaam zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kuhesabu vifungo vya koti lake. Aliyeipiga ni Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio mjini hapa wakati wa ukoloni wa Kijerumani, akaendelea kupiga picha za jeshi la kikoloni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake zimehifadhiwa Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, na mwaka 2008 taasisi hiyo ilipoweka zaidi ya picha 80,000 kwenye Wikimedia Commons, za Dobbertin zilikuwamo. Askari wengi humo hawana majina. Lakini nyuso wanazo. Nyuso za watu wa 1914 zinaonekana vizuri kuliko ya mtoto wa 2009, na sababu yake inaanzia kwenye nani alikuwa na kamera na ilimgharimu nini kubofya.

Pwani yetu haikuchelewa kuijua picha. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, A. C. Gomes, Mgoa, aliuza picha za mji na za wakubwa wake, na kadi zenye jina lake bado zinapigwa mnada Ulaya. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930. Hizo zilikuwa sehemu za kwenda. Mtu alivaa, akatembea, akalipa, akasimama mbele ya pazia lililochorwa. Kamera yenyewe ilibaki kwa mwenye studio.

Huko Marekani, Kodak walikuwa wameshaanza kuitoa kamera studio. Kamera yao ya 1888 iliuzwa dola 25, pesa nyingi kwa wakati huo. Februari 1900 wakaleta Brownie, kisanduku cha maboksi chenye lenzi sahili kabisa, kwa dola moja. Walikiuza wakiwafikiria watoto. Ndipo picha za mbwa, za pikiniki, za watu wanaocheka na mdomo wazi zilipoanza kujaa kwenye albamu za huko. Brownie zilifika hadi kwetu, ila si kwa kila mtu. Mmoja aliyeipata ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Akiwa mvulana wa shule hapa alinunua Box Brownie iliyokwishatumika. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix mjini humuhumu, mwaka 1966 akafungwa Zanzibar kwa karibu mwezi mzima, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia. Kila anapoandikwa huanza na ile Brownie ya mtumba. Mimi hujiuliza kuhusu wavulana na wasichana wengine wa shule za Dar ambao hawakupata ya mtumba.

Baada ya uhuru, mwenye mkanda wa kutosha alikuwa dola. Uganda inatupa mfano ulio wazi kuliko wetu: katika shirika la utangazaji la taifa zilikutwa negativu takriban 70,000 za enzi za Idi Amin, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Nyingi hazikuwahi kusafishwa kuwa picha za karatasi. Wapiga picha wa rais walibofya bila kuhesabu. Mtaani watu walihesabu.

Mama anakumbuka hesabu hiyo vizuri. Anaposema "mpiga picha", anamaanisha mwanamume mwenye baiskeli na Yashica shingoni, aliyepita Krismasi, Idi na siku za ubatizo. Mkanda ulikuwa wa picha 36. Ulilipa nusu kwanza. Hakubofya mara mbili. Ukifumba macho, umefumba. Na mkanda haukupelekwa kusafishwa hadi zote 36 ziishe, kwa hiyo kama picha yako ilikuwa ya nne, ulingoja watu wengine 32 wapate sherehe zao. Picha ya Krismasi, anasema, iliweza kufika Pasaka, na wakati mwingine haikufika kabisa kwa sababu mpiga picha alihama.

Hiyo ya darasa la saba ya 1985 ni ya mwisho wa miaka migumu: Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza akiba ya fedha za kigeni, sabuni na sukari vilipangiwa foleni, na biashara ya kuagiza bidhaa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kulegezwa mwaka 1984. Mama hajui shule ilipata wapi mkanda. Anajua tu kwamba wasichana waliazimana viatu, na waliokosa walipangwa nyuma.

Katika picha hiyo siwezi kumtambua bila kuonyeshwa. Nyuso zote ni weusi mmoja wenye meno na macho. Nilidhani ni uchakavu, hadi niliposoma kazi ya Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, kuhusu kadi za Shirley. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, akiitwa Shirley kwa jina la mwanamitindo wa kwanza wa Kodak aliyetumika. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine iko sawa. Roth anaeleza kwamba sehemu ya msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Nilimsomea mama. Alicheka sana, kisha akaivuta albamu karibu na dirisha, akaanza kuwataja wenzake mmoja mmoja kwa jinsi walivyosimama.

Picha 36 zenye bei hiyo ndizo zilizotengeneza albamu yetu. Katika picha 41 hakuna hata moja ya mtu anayepika, anayechota maji, anayelala mchana. Hakuna nyumba yetu ya kwanza ya Segerea, ya vyumba viwili visivyopigwa lipu, ingawa mama aliishi humo miaka sita. Nani angepoteza picha moja kati ya 36 kwa ukuta? Ninapowauliza wazee wangu wa utafiti kama wana picha ya shamba kabla halijauzwa, wananitazama kwa huruma.

Halafu kubofya kukawa bure. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali yenye uzito wa kilo 3.6 hivi, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja ya pikseli 10,000 kwenye kaseti. Kampuni yake haikuikimbilia. Iliishi kwa kuuza mikanda. Miaka thelathini baadaye kamera za kidijitali zilikuwa zinaingia mfukoni, na mwaka 2010 viwanda vya Japani na washirika wao walisafirisha zaidi ya kamera milioni 120 duniani. Kodak iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012.

Moja ya kamera hizo ndogo ilifika kwetu mwaka 2008, mjomba aliporudi Dubai. Ilikuwa ya fedha, inang'aa, na ilipiga picha kila kitu: kuku, sahani za pilau, mimi nikiwa na povu la sabuni kichwani. Mama anaapa kwamba mdogo wangu alipigwa picha mamia. Picha hizo zilihamishiwa kwenye kompyuta ya steshenari moja ya mtaani, ambayo ilikufa diski, na nyingine zikabaki kwenye simu iliyoibwa kwenye daladala. Albamu haikuongezwa kitu kwa sababu hakukuwa na haja ya kusafisha picha, zilikuwa "zipo". Miaka ambayo tulibofya kuliko wakati wowote ndiyo iliyotoweka yote. Ukienda nyumba nyingi hapa Segerea, pengo ni hilohilo: picha za karatasi hadi karibu 2007, kisha kimya, kisha WhatsApp.

Mjomba alikuwa bado ana memori kadi moja ndani ya boksi la hereni. Ilikuwa na mafaili saba, manne yakafunguka. Tatu ni za gari lake. Ya nne ni ya ukuta wa jirani wenye bango la Kikwete, na pembeni, chini kabisa, kuna mguu wa mtoto juu ya mkeka. Kamera inasema ilipigwa tarehe 1 Januari 2005, miaka minne kabla mdogo wangu hajazaliwa. Kamera nyingi za aina ile zikikaa bila betri zilirudi kwenye tarehe zilizotoka nayo kiwandani, na mjomba si mtu wa kurekebisha saa. Lakini bango ni la uchaguzi wa 2010, na mama aliutambua mguu papo hapo kwa kovu la maji ya moto. Hivyo ndivyo nilivyothibitisha chanzo changu cha kwanza cha historia nje ya darasa. Mdogo wangu aliusafisha mguu ule kwa karatasi, akaenda kuuelezea shuleni. Anadai alipata 18 kati ya 20.

Baada ya hapo nilijua nitafuta nini Kariakoo, na haikuwa megapikseli.

Muuzaji alikuwa na kamera tatu juu ya kioo, zote za mtumba. "Dada, hii ni megapikseli 16, hutaiacha," alisema, akinipa ile nyembamba. Picha ya karatasi ya kawaida, ile ya sentimita 10 kwa 15, inahitaji megapikseli mbili na kitu. Zinazobaki ni za kujisifia. Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa sensa (si ya watu na makazi), kile kipande kinachopokea mwanga ndani. Katika kamera nyingi ndogo za bei ya chini kina milimita 6 kwa 4.5 hivi, yaani punje ya mchele iliyonenepa, na ndiyo maana usiku picha zake zinajaa chengachenga na simu nzuri inazishinda. Zipo ndogo zenye sensa kubwa, kama Sony RX100 iliyotoka 2012 na eneo la sensa la karibu mara nne ya hizo. Niliulizia bei yake, nikaomba radhi kwa kuuliza.

Ile nyembamba ilikuwa na betri yake maalumu na haikuwa na chaja. Betri ya namna hiyo ikifa, unaanza kuitafuta mji mzima. Ya pili, Olympus, ilitumia kadi za xD, ambazo zimeacha kutengenezwa. Kununua kamera hiyo ni kununua sanduku ambalo funguo zake zimebaki chache. Ya tatu ilikuwa Canon PowerShot A1200 ya mwaka 2011, nene, mbaya, megapikseli 12. Inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo hata duka la Mangi pale kona wanazo, umeme uwepo usiwepo. Inatumia kadi za SD. Na ina kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo juani unaweza kuona unachopiga, jambo ambalo kioo cha nyuma kinashindwa kabisa saa saba mchana wa Dar.

Niliiwasha na kuizima mara nyingi nikisikiliza lenzi kama inakwaruza. Nilipiga karatasi nyeupe kutafuta vumbi na ukungu. Joto la pwani hili huotesha ukungu ndani ya lenzi. Nilivuta zumu hadi mwisho na kupiga maandishi madogo ya boksi la chaja, kwa sababu hati za wazee wangu zina maandishi madogo zaidi. Alianza na laki mbili na ishirini. Nilimwambia ni ya mwaka arobaini na saba. Akanijibu kwamba siku hizi vijana wa Ulaya wanazitafuta hizi za zamani kwa bei kubwa, na kwa kweli hakudanganya. Hata jina la Kodak limerudi kwenye kamera ndogo mpya, likiwa limekodishwa kwa kampuni nyingine. Tulimalizana kwa laki na hamsini. Zilizobaki nilinunua betri za kuchaji na kadi mbili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ndani ya daladala ni kuweka tarehe.

Mzee wa hati nilimrudia wiki iliyofuata. Baada ya shikamoo nilimpa kamera aishike. Aliigeuzageuza, akafungua kifuniko akaziona betri, akanichungulia kupitia kitundu, akabofya. Hiyo ndiyo picha ya kwanza kwenye kadi: mimi, nimekatwa kichwa. Nilimwonyesha kadi inavyotoka na nikamwambia nitairudisha na picha zake za karatasi. Aliileta hati mwenyewe, akaibana pembe kwa mawe manne. Kisha akaingia ndani, akakaa dakika ishirini, akatoka na suti na kofia, akasimama wima mbele ya mlango, mikono imenyooka, hacheki. Nilibofya mara moja tu. Nilihisi kubofya mara mbili kungekuwa utovu wa adabu. Alipoketi na kuvua viatu akianza kunionyesha kwa fimbo mkorosho wa mpaka ulikuwa wapi, hapo pengine nilibofya mara thelathini.

Mtaani napiga vitu vya hovyo: bodaboda wakigombea kivuli, mama ntilie anavyopanga sahani, ukuta wetu wa nyuma ambao bado haujapigwa lipu. Jengo linalojulikana kuliko yote hapa kwetu ni gereza, na hilo sipigi. Kuna vitu mtu wa Segerea hafundishwi, anazaliwa anavijua. Kila mwisho wa mwezi nachagua picha 36 na kuzisafisha. Idadi hiyo nimeiweka mwenyewe, kwa sababu ikiwa nyingi zaidi sitazipeleka. Kadi ikijaa siifuti. Naiandika tarehe kwa kalamu na kuiweka kwenye boksi la hereni, ambalo mjomba ameniachia.

Mama amechukua kazi ya kuandika nyuma ya picha, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, majina yote, hata ya watoto wa jirani. Kuna moja ya kwake, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, kilemba kimelegea, ndala moja iko mbali. Aliitazama muda mrefu. Akasema mtu mzima hapigwi picha hivyo, akaipindua, akaandika: Segerea, Jumamosi, tulikula wali maharage.